Kinga ya saratani haikomi siku tiba inapoanza

Tangu utotoni nimeusikia msemo wa "kinga ni bora kuliko tiba". Nimeukuta ubaoni shuleni, nimeusoma kwenye kuta za zahanati, na mimi mwenyewe, kwa kuwa ni mwalimu, nimewaandikisha wanafunzi wangu msemo huo mara nyingi. Sina ugomvi nao. Lakini miaka mitatu niliyoitumia kumuuguza shangazi yangu, ambaye aligundulika kuwa na saratani ya mlango wa kizazi akiwa na umri wa miaka 52, imenionyesha kwamba wengi wetu tumeuelewa vibaya, kwa sababu tumeichukua kinga na tiba kama nyumba mbili zenye ukuta katikati, na tunadhani kwamba mtu akishahamia katika ile ya pili, ile ya kwanza haina kazi naye tena. Siku majibu ya kinyama, yaani kile kipande kidogo kinachokatwa mwilini ili kipimwe, yaliporudi, ndugu yetu mmoja alisema mbele ya shangazi, bila nia mbaya, kwamba mambo ya kujikinga yameshapita, sasa tumwachie Mungu na madaktari. Naandika haya kwa sababu kauli ile haikuwa sahihi, na kwa sababu najua inasemwa katika nyumba nyingi.

Nianze na wakati ambao hatukujua kitu. Shangazi alikuwa ameshakoma hedhi alipoanza kuona matone ya damu baada ya tendo la ndoa. Miezi michache baadaye ukaanza kumtoka uchafu wenye harufu, uliomfanya ahame kiti chake cha siku zote katika kwaya na kwenda kukaa nyuma kabisa, karibu na mlango, akisingizia joto. Alikwenda kwenye zahanati iliyo jirani mara nne katika muda wa miezi minane. Mara zote nne alipewa vidonge na dawa za kutumbukiza ukeni, na mara zote nne hakuna aliyemwomba apande kitandani akaguliwe. Siandiki haya ili kumlaumu mhudumu yule, ambaye mara nyingi nilimkuta peke yake na foleni imefika hadi nje; naandika ili mwanamke anayesoma hapa ajue kwamba damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma, haipaswi kutibiwa kwa kubahatisha, na kwamba ana haki ya kusema kwa adabu, "Naomba unikague kwanza."

Karibu saratani zote za mlango wa kizazi, ambao wengine huuita shingo ya kizazi, hutokana na maambukizi ya muda mrefu ya virusi vya papiloma, vile ambavyo katika mabango ya afya huandikwa kwa kifupi HPV. Mwanasayansi Mjerumani aliyeonyesha uhusiano huo, Harald zur Hausen, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Virusi hivi huambukizwa kwa kujamiiana, na vimeenea kiasi kwamba watu wengi waliowahi kujamiiana hukutana navyo wakati fulani wa maisha yao, ndiyo maana ninaumia ninaposikia mgonjwa akisemwa kwamba ameyatafuta mwenyewe. Mtu anaweza kuolewa mara moja, akaishi na mume mmoja kwa uaminifu wote, na bado akaugua. Mara nyingi mwili huvishinda virusi hivyo wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Taabu hutokea pale vinapong'ang'ania, hasa aina mbili, namba 16 na namba 18, ambazo kwa pamoja husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizi. Tangu hapo hadi saratani yenyewe kujitokeza, kwa mwanamke mwenye kinga nzuri ya mwili huchukua kati ya miaka 15 na 20. Kwa mwenye kinga iliyodhoofika, kwa mfano anayeishi na Virusi vya Ukimwi asiyetumia dawa, huweza kuchukua kati ya miaka 5 na 10 tu.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko yote. Ina maana kwamba shangazi yangu alipokuwa na miaka arobaini, akilima mihogo, akicheza ngoma harusini na kutusomesha sisi watoto wa kaka yake, kulikuwa na uwezekano mkubwa kwamba mabadiliko yameshaanza, na kwamba muuguzi mwenye pamba, siki na taa angeweza kuyaona na kuyaondoa siku hiyo hiyo.

Sizungumzi kwa kukadiria. Wiki mbili baada ya majibu yake nilikwenda kupimwa, nikiwa na hofu ambayo sikumwambia mtu. Muuguzi alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Alinionyesha kwanza kile kifaa cha kupanulia uke, kinachofanana na mdomo wa bata, akaniachia nikishike ili nisikiogope. Kisha akachovya pamba katika maji ya siki, asidi ya asetiki yenye nguvu ya kati ya asilimia 3 na 5, akaipaka kwenye mlango wa kizazi na kusubiri dakika moja huku akitazama saa iliyokuwa ukutani. Nilisikia ubaridi na mwasho mdogo, basi. Alinieleza kwamba mahali penye chembe zilizoanza kubadilika hugeuka peupe, na kwamba pakionekana hivyo, na ikiwa si saratani tayari, wanaweza kupagandisha kwa baridi kali au kupachoma kwa joto, kazi ya dakika chache isiyohitaji kulazwa. Kwangu hapakuwa na weupe. Nilitoka nje, nikakaa kwenye benchi chini ya mwarobaini, nikalia kwa ajili ya shangazi.

Siku hizi kipo pia kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe, ambacho katika vituo vinavyokitoa mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa brashi laini, jambo ambalo litawasaidia sana wanaoona haya. Wanawake wa kati ya miaka 30 na 49 ndio wanaohimizwa zaidi kupimwa. Wanaoishi na Virusi vya Ukimwi wanapaswa kuanza mapema zaidi, kuanzia miaka 25, na kurudi mara nyingi zaidi, kwa kuwa uwezekano wao wa kupata saratani hii ni takriban mara 6 ya wenzao.

Kuhusu chanjo nitasema machache, maana watu wengi wameshaisikia. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili kwa kupishana miezi sita. Mwaka 2024 utaratibu ulibadilishwa ikawa dozi moja, na umri ukapanuliwa kuanzia miaka 9 hadi 14. Wenzetu wa Rwanda walitangulia mwaka 2011. Katika shule ninayofundisha, wazazi kadhaa waliwazuia binti zao siku ya chanjo kwa kuogopa kwamba itawafanya wagumba. Niliwaambia nilichokijua: chanjo hii haina kirusi hai ndani yake, haigusi mfuko wa uzazi, na inachofanya ni kuufundisha mwili kumtambua adui kabla hajafika. Kwa sababu hiyo haiwezi kufukuza virusi vilivyokwisha kuingia, ndiyo maana hutolewa kabla msichana hajaanza kujamiiana. Binti yangu mwenye miaka 11 aliikunja shati mbele ya darasa, akachomwa wa kwanza. Waliofuata walikuwa wengi, ingawa si wote.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo hatukuwa tumeandaliwa kabisa. Shangazi alipewa rufaa kwenda Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, lile jengo jeupe la kale linalotazama bahari, ambalo lilijengwa na Wajerumani zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Ugonjwa wake ulikuwa katika hatua ya pili, umeshatoka nje kidogo ya mlango wa kizazi, kwa hiyo upasuaji haukufaa. Mpango ulikuwa apigwe mionzi ya nje mara 25, siku tano kwa wiki, apewe dripu ya dawa ya kemikali mara moja kila wiki, na mwishoni aingizwe mionzi ya ndani.

Siku ya kwanza ya maandalizi alichorwa alama za wino nyonga na tumboni, ili mashine ilenge mahali pale pale kila siku. Alama hizo hazikupaswa kufutika kwa muda wa wiki tano. Mwanamke aliyezoea kuoga mara mbili kwa siku akawa anajifuta kwa kitambaa kuzizunguka, kwa uangalifu ule ule anaoutumia kupaka samli kwenye chapati, na usiku akijifunga kanga juu sana ili isizisugue. Kila siku kabla ya kuingia kwenye mashine alitakiwa anywe maji na kubana mkojo, kwa kuwa kibofu kilichojaa huusukuma utumbo mwembamba kando na kuupunguzia mionzi. Nilipofahamu sababu hiyo ndipo nilipoanza kuona kwamba ndani ya tiba yenyewe mna kinga tele: kukinga utumbo, kukinga figo, kukinga damu, na zaidi ya yote kuukinga mwili usiipe saratani nafasi ya kujipanga upya.

Mfano wa wazi ni damu. Siku ya kwanza wingi wa damu yake ulikuwa 7.4, na daktari alisema hataki uwe chini ya 10 wakati wa mionzi. Mimi nilidhani ni kwa ajili ya kumpa nguvu tu. Kumbe mionzi huua chembe za saratani vizuri zaidi pale zinapokuwa na oksijeni ya kutosha, na oksijeni huletwa na damu. Mgonjwa akiwa na damu kidogo, uvimbe hukaa bila hewa ndani yake na kuwa sugu. Binamu yangu na mimi tulichangia damu, shangazi akaongezewa chupa mbili, kisha tukahakikisha kwamba kila siku anapata dagaa au maini, maharage, matembele na chungwa. Kwa sababu hiyo hiyo kila mgonjwa aliulizwa kama anavuta sigara, kwani sigara hupunguza nguvu ya mionzi na kuongeza madhara yake. Nilisikitika kumsikia mgonjwa mmoja akisema kwamba amechelewa mno kuacha. Hajachelewa. Anayeacha katikati ya tiba anaisaidia tiba hiyo hiyo anayoipata.

Kisha kuna suala la siku. Katika wiki ya tatu tulipata msiba nyumbani, na wazee wakapiga simu kwamba shangazi, akiwa dada mkubwa, hana budi kuja kuzika. Angekosa mionzi kwa siku nne au tano tu, kisha angerudi. Nilikwenda kumuuliza mtaalamu wa mionzi, naye akanieleza kwa upole kwamba tiba yote, ya nje na ya ndani, inatakiwa ikamilike ndani ya wiki 8, kwa sababu chembe za saratani zinazobaki hai huzaliana kwa kasi pale zinapoachwa zipumue, na kila siku inayopotea hupunguza uwezekano wa kupona. Nilirudi kwa wazee na maneno hayo. Haikuwa rahisi, mimi ni mtoto kwao. Shangazi mwenyewe ndiye aliyemaliza mjadala kwa simu: "Kaka zangu, marehemu nitamlilia hapa. Nikija huko, mtakuja kunilia na mimi." Alikaa Dar es Salaam, akamaliza mionzi ya nje bila kukosa hata siku moja.

Na kuna chupa. Ndugu zetu walituma kwa basi chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyojaa dawa ya majani, rangi yake kama chai ya rangi iliyolala, yenye povu shingoni. Waliituma kwa mapenzi, na sikuthubutu kuidharau. Lakini dawa ya kemikali aliyokuwa akipewa, cisplatin, ni nzito kwa figo. Ndiyo maana kabla yake na baada yake alitundikiwa maji mengi, na ndiyo maana alikatazwa hata dawa za maumivu za kujinunulia dukani, kama diklofenaki. Kumwongezea kitu tusichokijua kilichomo kungekuwa ni kuziweka figo zake katika hatari mbili kwa wakati mmoja, na figo zikichoka, dripu ya wiki hiyo huahirishwa. Niliipeleka chupa kwa daktari, nikamwonyesha. Hakuifanyia kejeli. Alisema tu, "Mwombe asinywe hadi tumalize, na ukiletewa kitu kingine, nionyeshe kama hivi." Nawaomba wanaouguza wafanye vivyo hivyo, kwa maana mgonjwa anayejua kwamba atafokewa hunywa kwa siri.

Homa nayo tuliambiwa tusiisubiri asubuhi. Dawa ya kemikali hushusha chembe nyeupe za damu, na joto likifika nyuzi 38, mgonjwa anakwenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Kwa hiyo nilinunua kipimajoto, na sabuni ikawa inakaa mlangoni: hakuna aliyemkaribia bila kunawa.

Alimaliza tiba mwezi wa saba, tukarudi nyumbani Muheza, watu wakaja na vigelegele. Hapo ndipo nilipoogopa tena, maana kila mgeni alisema amepona kabisa, sasa asahau. Madaktari walisema vingine. Saratani hii ikirudi, mara nyingi hurudi katika miaka miwili au mitatu ya mwanzo, na kwa hiyo alipangiwa kliniki kila miezi mitatu, kisha baadaye kila miezi sita, hadi itimie miaka mitano. Kadi yake ya kliniki aliibandika kwenye kabati la vyombo, mahali ambapo angeiona kila anapochukua sahani. Alipewa dalili za kuangalia kati ya kliniki moja na nyingine: damu kuanza tena, maumivu ya kiuno au mgongo yasiyokwisha, mguu mmoja kuvimba, kikohozi kisichoisha, kukonda bila sababu.

Jambo moja wagonjwa wengi hawaambiwi, au wanaambiwa kwa haraka kwa sababu ya aibu. Mionzi hukausha uke na kuufanya ukaze, na kuta zake zinaweza kushikana kwa makovu. Shangazi alipewa vijiti laini vya kupanulia na kuelekezwa namna ya kuvitumia mara chache kwa wiki, pamoja na mafuta ya kulainisha. Mwanzoni alivificha chini ya godoro, akidhani ni mambo ya starehe yasiyomfaa mama wa umri wake. Muuguzi alimweleza kwamba ndoa ni sababu moja na ni sababu nzuri, lakini ipo nyingine: uke ukiziba, daktari hawezi tena kuufikia mlango wa kizazi na kuutazama, na ugonjwa ukirudi hautaonekana mapema. Aliposikia hivyo alianza kuvitumia bila kuambiwa mara ya pili.

Miezi kumi na minne baada ya tiba aliona damu kwenye haja kubwa. Alikaa nayo siku sita. Siku ya saba alinipigia, sauti yake imekauka, akasema, "Mwanangu, nadhani imerudi, lakini usimwambie mtu." Nilikwenda naye. Alichunguzwa kwa kamera, akachukuliwa kinyama, na ikaonekana kwamba ni mishipa midogo ya utumbo mpana iliyodhurika na mionzi, jambo linalojulikana na linalotibika. Haikuwa saratani. Lakini kama ingekuwa ndiyo, siku zile sita za ukimya zingekuwa na gharama, na tulikubaliana siku hiyo kwamba katika nyumba yetu hakuna tena dalili inayofichwa ili kuwalinda wengine na hofu.

Alijifunza pia kwamba kupona saratani moja hakumlindi mtu na nyingine. Anajikagua matiti kila mwezi, na daktari humkagua kila akienda kliniki. Mafuta ya kukaangia ameyapunguza, na kila jioni hutembea hadi barabara ya lami na kurudi.

Mwezi uliopita alizungumza na wenzake wa kikoba, wanawake kumi na saba waliokaa kwenye mkeka uani kwake. Hakuwapa takwimu. Aliwaeleza kuhusu kiti cha nyuma ya kwaya, na kuhusu harufu aliyodhani ni yake peke yake duniani. Jumatatu iliyofuata niliwasindikiza tisa kati yao kituoni. Wanane walitoka na majibu safi. Wa tisa, mama wa watoto wanne mwenye miaka 38, alikutwa na sehemu ndogo nyeupe. Ilichomwa kwa joto asubuhi hiyo hiyo, akaambiwa apumzike na tendo la ndoa kwa wiki kadhaa na arudi kupimwa baada ya mwaka mmoja. Tulipokuwa tukisubiri bajaji, shangazi alimwomba kadi, akaisoma tarehe kwa sauti, kisha akatoa kalamu kwenye mkoba wake na kuiandika nyuma ya kadi yake mwenyewe ya kliniki.